Kuzuru miji ya kale ya Lamu na Pate kwa mashua yenu wenyewe: mwongozo wa kufuata maji

Kabla hujauliza bei ya mashua, uliza mwezi ni wa ngapi, yaani leo ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Wageni wengi wanaotaka kuzunguka visiwa vya Lamu hawaulizi. Wanakodi chombo, wanapanga kung'oa nanga saa mbili asubuhi kana kwamba wanapanda basi la Malindi, kisha wanakasirika nahodha akiwaambia wangoje hadi adhuhuri. Lamu, Shela, Takwa, Pate, Siyu na Faza ni miji ya watu waliotoka na kuingia kwa kujaa na kupwa kwa maji. Mlango wake ni bahari, na mlango huo hufunguka na kufungwa mara mbili kwa siku. Ukilijua hilo, safari yote iliyobaki ni rahisi.

Haya ninayoyaandika yanawafaa watu wanne hadi wanane, jamaa au marafiki, wanaokodi mashua au jahazi dogo pamoja na nahodha wake kwa wiki moja. Mwenye boti yake pia atafaidika, ila namsihi achukue mwenyeji wa kumwongoza. Mikondo ya ndani ya visiwa hivi ina mafungu ya mchanga na matope ambayo wenyeji wanayajua kwa rangi ya maji tu.

Soma mwezi kwanza

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mwezi mosi na mwezi 15 maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Hizo ndizo siku za bamvua, ambapo tofauti ya maji makuu na madogo hufika takriban mita 3. Mwezi 7 au 8, na tena mwezi 22 hivi, ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, na mwisho wa vijito vya mikoko huenda yasifike kabisa.

Siku ninazochagua mimi ni mwezi 10 hadi 14. Mwezi 10 maji hujaa adhuhuri, na mwezi 14 hujaa mnamo saa tisa na nusu. Maana yake asubuhi unatembea mjini kukiwa na kivuli, mchana maji yanakuja kukuchukua, na kabla ya magharibi umeshatia nanga kwingine. Isitoshe, usiku kuna mbalamwezi ya kulia chakula chomboni. Mwezi 25 hadi 29 maji huenda vivyo hivyo, lakini usiku ni giza. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inakupa makadirio, na saa kamili utaipata kwenye jedwali la maji.

Usidhani haya ni mambo ya mabaharia tu. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela ili kuivamia Lamu. Masimulizi ya Lamu yanasema wavamizi waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa na mashua zimekaa mchangani. Wengi waliuawa palepale ufukweni. Pate haikuinuka tena kama ilivyokuwa, na Lamu ikajiweka chini ya ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Ukisimama kwenye mchanga wa Shela maji yakiwa yametoka, pima kwa macho umbali uliopo kati ya ufuko mkavu na kilindi. Utaelewa vita ile kuliko kwa kuisoma.

Chagua msimu

Kuanzia Oktoba hadi Machi ndiyo wakati wake. Oktoba na Novemba ni maleleji: upepo ni mwepesi na bahari imetulia. Desemba kaskazi inaanza kuvuma, na hapo kwenda Pate na Faza ni kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kupindapinda; kurudi Lamu ni raha. Kusi ikishika kasi, hasa Juni hadi Agosti, mlango wa Shela huwa na mawimbi makubwa. Mikondo ya ndani bado hupitika, lakini sitampeleka mtoto wakati huo. Aprili na Mei ni masika, acha.

Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Swaleh, Lamu hujaa wageni kutoka pwani nzima. Ukitaka kuyaona Maulidi, njoo kwa ajili ya Maulidi. Ukitaka mashua na nahodha mwenye nafasi, njoo mwezi mwingine. Ramadhani nayo ina uzuri wake, ila usitegemee kupikiwa mchana na mabaharia waliofunga, na usile hadharani mjini.

Chombo na nahodha

Usikodi mashua kwa picha ya simu. Ifuate ilipo, maji yakiwa yamekupwa, uione tumbo lake. Pitisha kidole gumba kwenye maungio ya mbao: kalafati, ile pamba iliyopakwa mafuta na kushindiliwa kati ya ubao na ubao, iwe imejaa na imelingana, isiwe na nyuzi zinazoning'inia. Chombo kinachotunzwa kinanuka sifa, mafuta ya samaki. Harufu hiyo isikukere, ni dalili njema. Kisha panda, inua ubao wa chini, tazama ngamani, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao. Cha kuuliza ni hiki: baharia anayafua, yaani anayateka na kuyamwaga nje, mara ngapi kwa siku? Akisema asubuhi na jioni, vizuri. Akisema kila baada ya muda mfupi, mshukuru uende kwa mwingine.

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kwa mafundi wanaounda majahazi. Saa moja ya kukaa nao itakufunza kutofautisha chombo kizima na kilichochoka. Fundi mmoja mzee aliniambia, "Mwanangu, rangi haizuii maji," na tangu siku hiyo sijavutwa na mashua iliyopakwa rangi mpya.

Halafu hakikisha yafuatayo, bila kuona haya. Chombo kiwe na leseni ya KMA, mamlaka inayosimamia vyombo vya majini nchini Kenya. Kuwe na jaketi ya kujiokolea kwa kila mtu, za watoto ziwe za watoto. Kuwe na mashine inayofanya kazi hata kama nia yenu ni kwenda kwa tanga, na pondo refu la kusukumia kwenye maji madogo. Nahodha awe na mabaharia wawili. Nahodha wa peke yake na mwanawe wa miaka kumi na minne hawatoshi kwa wiki nzima, hata wawe hodari vipi.

Bei mpatane kwa safari yote, si kwa siku, na mtaje kila kitu: chombo, mabaharia, petroli, chakula chao, na siku za kungoja. Siku za kungoja ndizo zinazoleta ugomvi. Nusu lipa mwanzo, nusu mkirudi. Na mwite nahodha kwa heshima yake: "nahodha", au "ami" akiwa mtu mzima. Baharini amri ni yake. Akisema hatutoki leo, hamtoki.

Usalama

Hili nalisema wazi kwa sababu ninazipenda sehemu hizi na sitaki mtu adhurike. Kabla ya kutoka Lamu, nendeni kituo cha polisi na nahodha wenu, mtaje majina, njia mtakayopita na siku ya kurudi, na muulize hali ikoje wiki hiyo. Kila mtu awe na kitambulisho au pasipoti mkononi. Msisafiri usiku. Kaskazini ya kisiwa cha Kiwayu, kuelekea Kiunga na mpaka wa Somalia, msiende bila idhini ya wakuu wa usalama. Katika ghuba ya Manda kuna kambi ya jeshi la majini na bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Pitieni mbali, na simu za kupigia picha ziwe mfukoni.

Lamu na Shela: mwezi 8 na 9

Siku mbili za kwanza chombo kikitayarishwa, tembea Lamu. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini anzia mahali ambapo watalii hupita mbio: mbele ya ngome. Ilianza kujengwa mnamo 1813 na kumalizika 1821, na wakati huo maji ya bahari yalifika karibu na miguu yake. Nyumba za ukingoni unazoziona leo zilijengwa baadaye, juu ya ardhi iliyojazwa. Kwa hiyo ile barabara ya nyuma, Usita wa Mui, ndiyo iliyokuwa karibu na pwani ya zamani. Tembea humo kutoka mtaa wa Langoni, kusini, hadi mtaa wa Mkomani, kaskazini, ukijua kwamba kulia kwako, hapo penye majumba, palikuwa bahari. Ngome yenyewe iligeuzwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984.

Ingia nyumba moja ya kale, utazame dari. Boriti zimepangwa karibu karibu, na chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake haufiki mita 3. Kilichopima chumba ni mti: boriti ya mkoko haiwezi kubeba zaidi ya hapo. Mikoko ile ililetwa kwa jahazi kutoka vijito hivihivi mtakavyopita kesho kutwa. Katika makumbusho ya Lamu muulizie siwa, yale mabaragumu ya watawala: ya pembe ya Pate na ya shaba ya Lamu. Uione ya Pate kabla ya kwenda Pate, ili ukifika ujue mji ule ulikuwa na fahari gani.

Shela ni mwendo wa kilomita 3 kwa pwani. Msikiti wake wa Ijumaa wa 1829 uutazame kutoka majini, mnara wake mweupe ukitokeza juu ya mapaa.

Takwa: mwezi 10

Takwa iko kisiwani Manda, mwisho wa kijito cha mikoko, na chombo hakifiki ila maji yakijaa. Ondokeni Lamu saa tano, muingie na maji yanayopanda. Mnakuwa na saa mbili hivi za kutembea, si zaidi, kisha mtoke nayo.

Mji huu uliachwa karne ya 17. Inasimuliwa kwamba visima viligeuka chumvi na watu wakahamia ng'ambo, Shela. Ukuta wa mji bado unaonekana kati ya mibuyu, na msikiti una nguzo juu ya kibla. Kaburi la nguzo nje ya ukuta lina tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Watu wa Shela bado huja kuomba mvua kwenye kaburi hilo. Kwa hiyo usikalie kaburi wala kuta kwa ajili ya picha; hapa kuna wazee wa watu.

Na vigae, vipande vya vyombo vilivyovunjika. Utaviona kila mahali, vya udongo na vya kaure ya Uchina, vinang'aa baada ya mvua. Viache. Sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inakataza kuvichukua, na mtafiti akikuta kigae mahali pake hujua umri wa sakafu iliyo chini yake. Kikiwa mfukoni mwa mgeni hakisemi lolote.

Kupita Mkanda hadi Pate: mwezi 11

Mkanda ni mkondo mwembamba kati ya Manda na bara. Ndio njia ya kwenda kaskazini bila kuingia bahari kuu, na chombo kikubwa hakipiti maji yakiwa madogo. Mwezi 11 maji hujaa karibu na saa saba mchana, basi muwe mdomoni mwa Mkanda saa sita. Mikoko iko pande zote mbili, na tanga halipati upepo wa kutosha humo ndani. Hapa ndipo mashine au pondo vinapohitajika. Ng'ambo yake maji yanafunguka, na kwa tanga zuri mtafika Mtangawanda, kisiwani Pate, kabla ya jioni.

Mtangawanda ndipo penye kilindi, chombo hukaa salama hata maji yakipwa. Pate mjini ni mwendo wa saa moja kwa miguu, au pikipiki zikipatikana. Lala Pate. Hakuna hoteli, nahodha wako ana jamaa huko, naye atakupeleka nyumbani kwa watu. Chukua zawadi za maana: sukari, mchele, majani ya chai. Unavua viatu kizingitini, unapiga hodi, unangoja kuitikiwa.

Asubuhi tembea magofu. Hapa walitawala Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, waliohamia Witu, bara, baadaye katika karne ya 19, na hapa palivaliwa hariri iliyofumwa papa hapa. Leo kati ya kuta za majumba yao kumepandwa tumbaku. Majani mapana yanaota hadi chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo vyombo vya kaure vilipangwa zamani. Mkulima niliyemkuta alikuwa akipalilia ndani ya kilichokuwa chumba cha ndani kabisa cha nyumba. Alinisogezea jani ili nione mchoro wa chokaa ukutani, kisha akalirudisha mahali pake kwa mkono wa taratibu. Omba ruhusa kabla ya kukanyaga mashamba haya. Ni riziki ya mtu.

Siyu: mwezi 12 na 13

Kama una siku moja tu baada ya mji wa Pate, ipe Siyu, kisiwani humohumo.

Unaingia kwa kijito cha mikoko kutoka upande wa bara, maji yakipanda. Mikoko inafungana, maji yanakuwa kimya, halafu kijito kinapinda na ngome iko mbele yako. Ilijengwa karne ya 19, na ukiitazama kutoka ndani ya mashua utajua kwa nini mji huu ulikuwa mgumu kushikwa. Anayekuja kwa kijito anakuja polepole, chombo kimoja nyuma ya kingine, na ana saa chache tu kabla ya maji kumwacha. Chini ya Bwana Mataka, Siyu ilipinga majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840, na haikusalimu amri hadi 1863, zama za mwanawe, Seyyid Majid wa Zanzibar. Mkewe Bwana Mataka ni Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utenzi wa wasia mwaka 1858. Taja jina lake mjini uone wazee wanavyochangamka.

Siyu ilisifika kwa kunakili misahafu, useremala na kazi ya ngozi. Makubadhi bado yanashonwa. Kaa na fundi. Anakata ngozi kwa kisu kifupi, anailowesha, anaipiga kwa nyundo hadi inalainika, kisha anachora maua ukingoni bila kupima.

Hapo ndipo nilipokosea mimi mara ya kwanza. Tulimkalia fundi, nahodha akatuma kijana kutuita, tukasema tunakuja. Tulipofika kijitoni mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye matope. Tulipwelewa. "Mwanangu, mai yashapwa," ndilo neno pekee alilosema nahodha, akaanza kuwasha moto wa chai. Tulikaa na mbu kutoka jioni hadi maji yaliporudi baada ya saa nane usiku, na mama yangu mkubwa, mwenye kisukari, alikuwa pamoja nasi. Sikulala kwa hofu yake.

Kwa hiyo sasa hufanya hivi: mashua inatushusha penye ngome maji yakiwa yamejaa, saa nane kasorobo hivi mwezi 12, na papo hapo inatoka kwenda kutia nanga nje ya kijito. Sisi tunalala mjini. Dawa, maji ya kunywa na nguo za usiku tunashuka nazo. Kesho yake alfajiri, kabla ya jua kali, tunatembea na mwenyeji hadi Shanga, upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa zaidi ya saa moja. Wachimbaji wa mambo ya kale walifukua chini ya msikiti wa Ijumaa wa Shanga misikiti mingine iliyotangulia, mmoja chini ya mwingine, hadi wakafika kwenye msikiti wa miti wa karne ya 8. Mji uliachwa karne ya 15. Hakuna kivuli wala duka huko. Kila mtu abebe lita mbili za maji.

Faza na kurudi: mwezi 13 na 14

Kutoka Siyu nendeni Faza kwa nchi kavu, mashua izunguke kuwafuata. Mbele ya Faza matope ni mengi, na maji yakiwa yamekupwa unatembea ndani yake hadi magotini.

Faza ilichomwa na Wareno mwaka 1587 kwa kumuunga mkono Amir Ali Bey, amiri wa Kituruki aliyepigana nao, wakakata hata minazi. Ndiyo maana usitegemee majumba ya kale mengi. Uliza gofu la msikiti wa Kunjanja na kaburi la amiri wa Seyyid Said aliyeuawa katika vita dhidi ya Siyu. Mkipata nafasi fikeni Kizingitini, kwa wavuvi wa kamba mawe, mnunue chakula cha jioni cha mwisho.

Mwezi 14 maji hujaa saa tisa na nusu, na mnataka kuwa Mkanda saa hiyo. Basi mng'oe nanga Faza kabla ya saa sita. Kama maji bado hayajafika mjini, dau dogo litawapeleka hadi mashua ilipo. Patana na mwenye dau siku moja kabla. Kwa kaskazi mtarudi na upepo mgongoni, na Lamu mtaiona mnamo saa kumi na moja, jua likiwa nyuma ya mji.

Malipo yaliyobaki yatoe palepale gatini, mkononi mwa nahodha, mabaharia wakiona. Mkaa, mchele na maji yaliyosalia yaacheni chomboni. Wana safari nyingine kesho, maji yakijaa saa kumi.